Mkulima wa Chai Ana Mizani, Wewe wa Viungo Una Nini?

Leo nina ugomvi. Sigombani na vijana wa Kericho na Bomet wanaotafuta riziki kwenye intaneti. Nagombana na wanaowauzia semina za "pesa unapolala". Wanasema ni rahisi: weka kiungo cha bidhaa kwenye tovuti yako, mtu akibofya na kununua, unapata kamisheni. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo tufungue hiyo mashine tuone ndani kuna nini.

Kiungo chako kina namba yako ya utambulisho. Mtu akikibofya, duka huweka kumbukumbu ndogo iitwayo kuki kwenye kivinjari chake, kuonyesha ni wewe uliyemleta. Kwa Amazon, walioanza mpango wao mwaka 1996, muda wa kawaida ni saa 24. Mteja akiondoka bila kuweka kitu kikapuni, akarudi kununua kesho kutwa, huna chako. Na hesabu yote inafanyika kwenye kompyuta za duka. Wewe unaonyeshwa ripoti yao tu.

Sasa linganisha na chai. Mkulima mdogo anapeleka majani kituoni, yanapimwa akiona, anapewa risiti yenye kilo. Viwanda vilivyo chini ya KTDA ni kampuni ambazo wakulima wenyewe wana hisa, na wanachagua wakurugenzi. Hata hivyo, bonasi ikitangazwa na kuwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, wanapiga kelele, na wana haki. Iweje mtoto wa mkulima huyo huyo aingie biashara ambayo hana mizani, hana hisa, wala hana mkutano wa kulalamikia, halafu ashangilie?

Wala sitishi watu bure. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani na vifaa vya nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Wenye viungo hawakuulizwa. Kwa asilimia 1, ukimuuzia mtu chai ya dola 10 unapata senti 10! Na usipoleta angalau mauzo matatu ndani ya siku 180 za kwanza, akaunti inafungwa. Serikali nayo iko macho: Sheria ya Fedha ya 2023 ilitaja kamisheni za aina hii waziwazi, kodi ya zuio asilimia 5 kwa mkaazi.

Mtaniambia, mbona wapo wanaofaulu? Wapo. Lakini kwanza walipata wasomaji wanaowaamini, viungo vikaja baadaye. Wasomaji ndio shamba, kiungo ni kikapu tu. Semina inakuuzia kikapu na kukuambia tayari una shamba. Matokeo yake kijana anamsifia mama wa Sotik pampu ya kunyunyizia dawa ambayo hajawahi hata kuishika. Pampu ikiharibika wiki ya pili, mama huyo hatamsoma tena, na amefanya vizuri.

Mimi nasema hivi: andika juu ya vitu unavyovijua na ulivyovitumia. Kisha nenda kwa mwenye duka la pembejeo mjini Kericho, mkubaliane kamisheni kwa maandishi. Wape wasomaji wako neno moja la kutaja wakinunua. Muuzaji aliandike kwenye kitabu cha risiti, wewe ubaki na nakala, mwisho wa mwezi mhesabu pamoja na ulipwe kwa M-Pesa. Ni kazi ndogo, haina picha za magari, lakini mizani unaiona.

Na mwalimu wa semina akija kwenu, mwombeni hesabu za miezi 12, siyo picha ya skrini ya siku moja. Mwulizeni ni shilingi ngapi zimetoka kwenye viungo na ngapi zimetoka kwenye ada zenu. Akikataa kujibu, rudini na pesa zenu nyumbani.