Mazutu ndiyo ghali: majibu kwa wanaobeza sola kusini mwa Maniema

Toka Kasongo hadi Lusangi na Kabambare, mtu akitaja sola hukutana na maneno yale yale. Yanasemwa kwa uhakika mkubwa, na watu wenye akili zao huyakubali kwa sababu kila moja lina chembe ya ukweli ndani yake. Mimi naona yanatugharimu sana, kwa hiyo nitayajibu moja moja.

“Jenereta ni rahisi kuliko sola.”

Anayesema hivi anahesabu siku ya kununua tu. Ni kweli, jenereta ndogo ina bei ambayo mwenye duka anaweza kuikusanya upesi. Lakini gharama yake haiishii siku hiyo. Unailipia kila jioni, lita kwa lita. Injini nzuri ya mazutu, ikipewa mzigo wa kuitosha, hutoa umeme wa kama kilowati-saa 3 kwa lita. Ile inayonguruma nyuma ya duka kwa ajili ya taa mbili, redio na simu za wateja haifiki hapo, maana injini hula mafuta ili izunguke tu, hata pasipo kitu kinachotumia umeme wake.

Na lita hiyo imetoka wapi? Mafuta ya mashariki mwa Kongo hushuka melini Mombasa au Dar es Salaam, huvuka nchi za watu wengine, hufika Bukavu au Uvira, kisha huanza safari ya kuja kwetu. Mvua ikinyesha lori hulala njiani. Mapipa hugawanywa katika bido za lita 20, bido hupanda pikipiki na baiskeli, na kila bariere huongeza kitu juu ya bei. Si wizi wa hapo katikati pekee. Umbali wenyewe unalipwa. Jua halipiti bariere hata moja.

Sasa chukua paneli moja ya wati 100. Kwa jua la kwetu, baada ya kutoa kinachopotea kwenye nyaya na betri, tegemea kama wati-saa 300 kwa siku. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula 100. Zilizobaki 200 zinachaji simu kumi na kitu. Weka pembeni yake bei ya mafuta unayochoma kwa kazi hiyo hiyo kwa mwezi, kwa bei ya lita unayoijua wewe ya sokoni kwenu, kisha zidisha mara kumi na mbili. Sikupi jibu, kwa kuwa bei ya Kabambare si ile ya Kasongo, lakini fanya hesabu hiyo kabla ya kurudia neno “rahisi”.

“Sola hufa baada ya mwaka mmoja.”

Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu wengi wameliona kwa macho yao. Lakini kilichokufa ni nini? Mara nyingi paneli bado iko juu ya bati, nzima. Paneli ya kweli hupoteza nguvu kidogo sana kila mwaka, kama nusu asilimia, na hutengenezwa ili ifanye kazi miaka 25. Kilichokufa ni betri, na betri nyingi tunaziua wenyewe kwa kutojua.

Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiifunga kwenye sola, ukaikausha kila usiku kwa televisheni, baada ya miezi michache haishiki tena chaji. Betri ya risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola nayo hudumu tu usipoitumia kupita nusu yake. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti huvumilia kujazwa na kutumiwa mara elfu kadhaa, ingawa bei yake ya kuanzia ni kubwa. Kwa hiyo anayeuliza “sola inadumu?” angeanza na: ni betri gani, ina kidhibiti cha chaji, na inabeba mzigo gani? Muuzaji asiyeweza kujibu hayo matatu anauza hasara.

Kuna ushahidi ambao wazazi wa Maniema wanaufahamu bila kuutambua. Zamani chanjo za vijijini zilitunzwa katika majokofu ya mafuta ya taa. Muuguzi alisafisha utambi, akarekebisha mwali, akaomba mafuta yasiishe, na bado joto lilipanda na kushuka, wakati chanjo nyingi zinataka kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Siku hizi, kwa fedha za Gavi na kazi ya UNICEF, vituo vingi vya afya nchini vimepata majokofu ya sola ambayo hayana betri kabisa ya kutunza umeme. Paneli iliyo juu ya paa inaendesha mashine ya baridi mchana, mashine inagandisha maji yaliyofungiwa ndani ya kuta za jokofu, na barafu hiyo ndiyo inayotunza chanjo usiku, hata kwa siku tatu za mawingu. Waliolibuni waliona kuwa betri ndiyo sehemu dhaifu, wakaitoa. Mwaka 2017 polio ilizuka Maniema. Katika mkoa wa namna hiyo, jokofu lisilotegemea lori la mafuta ni suala la miguu ya watoto wetu.

“Huku kuna mvua na msitu, jua halitoshi.”

Ujerumani ina jua hafifu kuliko letu, na baridi yenye siku fupi sana. Mwaka 2025 paneli zake zilivuka gigawati 100. Tuendelee.

“Moshi wetu ni kidogo, uchafu wa dunia umeletwa na wazungu.”

Kuhusu hali ya hewa ya dunia, wana haki kabisa. Mkulima wa Lusangi hadaiwi chochote na mtu wa Berlin. Lakini moshi wa mazutu haungoji mahesabu ya dunia ili udhuru. Unaanza na mtu aliye karibu nao. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Jenereta, ya mazutu au ya esansi, hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyeifungia barazani au chumbani kwa kuogopa wezi anaweza kulala na familia yake wasiamke.

Na asiniambie mtu kuwa injini za kisasa zimemaliza tatizo. Septemba 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11. Kama wenye maabara na sheria kali walidanganywa hivyo, sisi tunaopokea injini zilizochoka tunalindwa na nani?

“Gari la umeme ni damu ya Wakongo.”

Nalichukua jambo hili kwa uzito, maana wanaoumia ni ndugu zetu. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga, na mwaka 2016 Amnesty International ilieleza wazi habari za watoto katika mashimo hayo. Dhambi hiyo haifutwi na gari linalokwenda bila moshi.

Lakini wanaotumia hoja hii kuitetea dizeli wanaficha mambo mawili. Viwanda vya kusafisha mafuta hutumia kobalti pia, pamoja na molibdenamu, ili kuondoa salfa katika hiyo hiyo dizeli. Na karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani mwaka 2024 ilikuwa ya betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti wala nikeli. Wala si gari la umeme pekee linalobeba madini yetu: kasiteriti ya Kalima nayo hutoa bati, na bati ndilo linalounganisha vipande vya kila simu na kila redio. Anayelilia mchimbaji amlilie kwa kudai bei halali, ukaguzi na shule. Kurudi kwenye mazutu hakumtoi mtoto hata mmoja shimoni.

Kwa kweli, gari la umeme si haja yetu ya kesho asubuhi. Kigali, kampuni ya Ampersand inaendesha pikipiki za umeme tangu 2019, na dereva hubadilisha betri badala ya kungoja ijae. Kule kuna umeme wa kutegemewa. Pikipiki ya umeme inayochajiwa kwa jenereta ya mazutu Kasongo haitamsaidia mtu. Taa, jokofu la chanjo na kinu vitangulie.

“Tungoje Inga.”

Bwawa la umeme la Inga 1 lilikamilika mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982. Laini ya kilomita 1,700 ikavutwa hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba. Ni laini ya mkondo mnyoofu, ambayo kuitoboa katikati ni ghali na kugumu, hivyo vijiji vilivyo chini ya nyaya vimekaa gizani zaidi ya miaka 40. Wanaotuahidi Inga nyingine waseme kwanza ni waya gani utakaoshuka Kabambare.

Wala hatulazimiki kungoja: sheria ya Juni 2014 ilivunja ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kuwapa wengine ruhusa ya kuzalisha na kuuza umeme. Goma, kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa sola wa megawati 1.3 mwaka 2020, na Kindu ikaingia katika mipango yake. Wafanyabiashara wa mtaa mmoja wenye likelemba wanaweza kuanza padogo zaidi: zamu moja inunue paneli, inayofuata kidhibiti na betri ya lithiamu, na jenereta ibaki kwa siku za mashine nzito tu.