Safari ya Bara Isile Karafuu za Mwakani



Kila msimu ukimalizika husikia fulani anakwenda Bara. Mmoja ana binti aliyeolewa Mpwapwa, mwingine ana kijana anayesomesha Kibakwe, wa tatu anataka kuona wakulima wa huko wanavyohifadhi karanga zao. Wapo wasemao kuwa mkulima wa hali ya chini asisafiri. Sisi hatukubali, maana kutembeleana ni kuunga udugu, na macho nayo hujifunza. Tunalolikataa ni safari inayolipwa kwa karafuu zilizo bado mtini.

Twajua mambo yanavyokwenda. Mwezi wa Mei mfuko ni mtupu. Mtu humwendea mwenye fedha na kumwandikia mikarafuu yake kwa bei ya kutupa. Akirudi baada ya wiki mbili, mavuno si yake tena. Deni la namna hii liliwatesa wazee wetu hata mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ya wakati ule ikatunga sheria kuzuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji. Si vyema sisi kulirudia kwa hiari yetu.

Na tufanye hesabu. Treni ya reli mpya ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000. Kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, iliyolipwa kwa miaka mingi, nauli hiyo ni zaidi ya kilo mbili za karafuu kavu, yaani kilo sita au saba za mbichi, zilizopandiwa, zikachambuliwa na kuanikwa. Mwenye kuikumbuka hesabu hii hatatoa shilingi ovyo.

Tena nauli ndogo si lazima iwe safari rahisi. Mwenye kwenda Kibakwe akifika Dodoma mjini amekwisha kupita njia yake, na itambidi arudi nyuma mpaka Mbande ndipo akate kwenda Kongwa na Mpwapwa. Kwa basi litokalo Dar es Salaam, Mbande huja kabla ya Dodoma. Kwa treni, aulize kwanza kama ya siku hiyo inasimama Gulwe, kwani ya haraka haisimami kila kituo. Tiketi akate mwenyewe dirishani au kwa simu, asimpe fedha mpiga debe.

Wakati nao ni fedha. Huko mvua ni moja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe yamewahi kuikata reli ya zamani mara nyingi. Aliyekwama njiani hula akiba yake akiwa amekaa. Isitoshe, miezi hiyo ghala la mwenyeji huwa jepesi, naye yu shambani. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mwezi wa Juni mavuno yao yameingia, njia ni kavu, na karafuu zetu bado hazijaanza. Ila achukue koti, kwani usiku kuna baridi, na koti la kununuliwa kwa dharura ni ghali.

Asijidanganye mtu kubeba karafuu mkobani akauze Bara apate nauli. Hayo ni magendo. Karafuu huuzwa ZSTC tu, na atakayekamatwa atapoteza zaidi ya nauli. Zawadi ya halua yatosha.

Wala kubana matumizi si kujinyima chakula. Mwenye kushinda na njaa njiani akaugua, dawa zitamgharimu kuliko sahani ya wali.

Rai yetu ni hii: siku ya kupokea malipo ya karafuu, kabla fedha haijafika nyumbani, kila mwenye nia ya safari atenge sehemu yake, aiandike, na asiiguse. Mali bila daftari hupotea bila habari. Akifika Juni na sehemu hiyo haitoshi, na aahirishe mwaka mmoja. Jamaa wa Kibakwe watamngoja. Mikarafuu iliyokwisha andikiwa mtu haimngoji mwenyewe.

Katibu wa Chama