Mwisho wa reli siyo mwisho wa baruapepe

Ndugu zangu, nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu. Wengine mmeniuliza kama nimehama Kigoma au nimemezwa na mamba wa Malagarasi. Sijahama, na mamba hawajanipata. Nilikuwa nakimbizana na habari moja ambayo mhariri wangu ameikataa. Kasema baruapepe haziuzi gazeti. Haya, kama haziuzi gazeti, naiweka hapa, bure.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kikundi cha akina mama pale mwalo wa Kibirizi. Kazi yao ni kununua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi inaporudi, kuwaanika na kuwauza kwa wachuuzi wanaopakia treni. Walitaka mkopo wa kujenga vichanja, maana dagaa wa mchangani bei yake mnaijua. Shirika moja (silitaji jina, mwenye kujijua atajijua) likatangaza kwamba maombi yatumwe kwa baruapepe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Jumanne wakaenda kibanda cha intaneti Mwanga, wakamlipa kijana awachapie, wakatuma. Siku tatu kabla ya mwisho!

Wiki mbili baadaye wakaambiwa ombi lao halikupokelewa. Mwenyekiti wao akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si mtu wa magazeti? Hebu tuulizie."

Nikaenda kuuliza. Afisa wa hapa Kigoma ni mtu mstaarabu, akanifungulia kisanduku chake nione mwenyewe. Ombi halimo. Akasema labda wamekosea anuani. Nikarudi kibandani, tukaangalia herufi kwa herufi. Anuani ni sahihi kabisa. Ila kulikuwa na ujumbe mwingine uliorudi dakika ileile, umejaa Kiingereza na namba 550, ambao kijana aliudhani ni tangazo la matapeli. Tafsiri yake fupi: mtumiaji huyu hajulikani.

Hajulikani! Mtu nimetoka kukaa naye, ana meza, ana kiti, ana mshahara, na wenzake wa chumba cha pili wanamwandikia kila siku na barua zinafika. Inakuwaje ulimwengu wote umwambie mama wa Kibirizi kwamba mtu huyo hayupo?

Sasa nivumilieni kidogo, maana hapa ndipo penye uchungu wenyewe.

Shirika lile lina kikoa kimoja, yaani lile neno linalokuja baada ya alama ya @. Lakini lina seva mbili za barua. Moja ni ya zamani, ipo kabatini hapahapa Kigoma. Ya pili imekodiwa na makao makuu ya Dar es Salaam kwa kampuni ya nje. Mwishoni mwa wiki ile, wataalamu wa Dar walihamia seva mpya. Wakabadilisha rekodi ya MX, ambayo ndiyo inayoiambia dunia kwamba barua za kikoa hiki zipelekwe wapi. Wakaandikisha majina ya watu wa Dar. Watu wa Kigoma wakaachwa kwenye kabati lao, "tutawahamisha awamu ya pili".

Matokeo yake, kila barua kutoka nje ilikwenda kwanza seva mpya. Na seva mpya ilikuwa imeambiwa kwamba yenyewe ndiyo mmiliki wa majina yote ya kikoa kile. Ikatazama orodha yake, haikumwona afisa wa Kigoma, ikairudisha barua. Haikudanganya, iliambiwa uongo. Barua za ofisini kwa ofisini hazikutoka nje ya kabati, ndiyo maana zilifika, na ndiyo maana afisa hakushtuka. Yeye anaona barua zinaingia, atajuaje kuna nyingine zinafukuzwa mlangoni maili mamia kutoka mezani kwake?

Nikampigia mtaalamu mmoja wa Dar. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Kaka, si unajua mtandao wa Kigoma ulivyo?"

Jamani! Mtandao wa Kigoma umeingiaje hapa? Barua ile haikukwama Uvinza wala Tabora. Ilisafiri salama salimini kutoka Mwanga hadi ng'ambo, ikafukuzwa huko. Mkongo wa Taifa umefika mkoa huu, unapita hadi Manyovu mpakani na Burundi. Lakini kwa wenzetu hawa, kila kinachoharibika magharibi ya Tabora ni kosa la umbali. Sisi ni mwisho wa reli, basi na lawama zote zishukie kituo cha mwisho.

Kugawa barua za kikoa kimoja kwenye seva mbili ni kazi ya kawaida kabisa, inafanyika duniani kote, na maelezo yake yamejaa mtandaoni. Seva moja inakuwa mlango mkuu. Inaambiwa: aliyemo kwenye orodha yako, mpe barua yake, asiyekuwemo, usimkatae, ipeleke barua kwa mwenzako wa Kigoma. Seva ya pili ndiyo inakuwa ya mwisho kuamua kwamba jina fulani kweli halipo. Na ile ya Kigoma nayo inafundishwa kwamba watu wa Dar wapo upande wa pili, isije ikawakataa kwa ujinga uleule. Kwa fundi anayejua, ni kazi ya jioni moja.

Ziko njia za kuiharibu, na nimezisikia zote zikisifiwa kuwa ni utaalamu. Wapo wanaoandika seva zote mbili kwenye MX wakidhani barua zitajigawa zenyewe. Hazijigawi. MX haijui majina ya watu. Inasema tu ijaribiwe seva ipi kwanza, na ipi kama ya kwanza haipatikani. Ukizipa uzito sawa, barua ya mama wa Kibirizi inakuwa bahati nasibu. Wapo wanaoziambia seva zote mbili zirushiane majina zisiyoyajua. Jina likikosewa herufi moja, barua inazunguka kama treni ya mtoto hadi mojawapo ichoke. Na wapo wanaosahau kwamba seva zote mbili lazima zitajwe kwenye SPF na kila moja iwe na saini yake ya DKIM. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti hayo kwa wanaowatumia barua, kwa hiyo ofisi ya Kigoma inaweza kujikuta barua zake zinatupwa kwenye takataka bila kujua kosa lake.

Kuna watakaoniuliza: kwa nini kung'ang'ania kabati la Kigoma? Wote wahamie huko kwenye mawingu, yaishe! Nawaelewa. Ofisi ya watu watano isijitafutie kazi ya kulinda seva, umeme na wezi wa nywila. Lakini ofisi yenye watu wengi wanaoandikiana kutwa nzima jengo moja ina sababu. Kumbukeni Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, ofisi yenye seva yake ndani inaendelea kuandikiana. Na barua za kutoka nje hazipotei: mlango mkuu unaziweka foleni na kujaribu tena, kwa desturi hadi siku nne au tano. Mtandao ukirudi, zinashuka zote.

Kwa hiyo mimi sipigani na mawingu, wala siabudu kabati. Ninachopinga ni kuhamisha nusu ya watu na kuufuta uwepo wa nusu iliyobaki.

Ujiji ni kilomita chache tu kutoka ninapoandika. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, alimkabidhi mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, siku ulipotoka Zanzibar. Mwaka mzima kwa miguu! Tunasimuliwa kisa hiki shuleni ili tuone tulikotoka. Lakini tazameni: barua ya Livingstone ilichelewa, ilikaa sana njiani, ila mwisho wa yote ilimfikia mwenyewe mikononi. Hakuna mpagazi aliyeurudisha mfuko Zanzibar akisema Ujiji hakuna mtu wa jina hilo. Barua ya akina mama wa Kibirizi ilisafiri kwa sekunde, ikarudishwa kwa jibu hilohilo. Nani mshamba hapo?

Shirika limeshairekebisha seva yake, baada ya mimi kuwatumia ule ujumbe wa 550. Akina mama wameambiwa wasubiri awamu ijayo ya mikopo. Hakuna aliyewaomba radhi. Dagaa wanaendelea kuanikwa mchangani.

Ombi langu ni dogo. Wewe unayesoma hapa, kama unafanya kazi kwenye ofisi yenye tawi mkoani, leo jioni tumia anuani yako binafsi ya nje, siyo ya kazini, uwaandikie wenzako wa Kigoma, Mpanda au Songea. Mstari mmoja tu: umeipata? Kisha subiri jibu. Ikirudi na 550, usiniambie habari za mtandao wa Kigoma. Mwamshe fundi wako.