AMANI HUANZA KWA MTOTO MDOGO

Watu wengi husema kwamba mtoto mdogo hajui kitu. Husema pia kwamba amani ni kazi ya Serikali, ya polisi na ya baraza la kata. Mimi sikubali. Mtu mzima anayempiga jirani yake kwa sababu ya mpaka wa shamba hakuanza ugomvi juzi. Alianza kujifunza akiwa mdogo, nyumbani.

Tuchukue mfano wa shamba. Wamatengo wa Mbinga hulima kwenye miteremko mikali. Hawawezi kuzuia mvua isinyeshe. Kwa hiyo hutengeneza ngolo. Hufyeka nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatana, kisha huzifunika kwa udongo. Katikati hubaki mashimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni, wala hayachukui udongo. Mahindi na maharage hustawi.

Hasira ya mtoto ni kama mvua hiyo. Hatuwezi kuizuia isije. Mtoto akinyang'anywa mpira wake wa matambara, atakasirika. Kazi yetu ni kuipa hasira mahali pa kutulia. Tukimwambia tu, "Nyamaza!" na kumchapa, hasira haiishi. Huteremka kwa nguvu. Kesho naye atampiga aliye mdogo kuliko yeye.

Wengine watajibu, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli. Lakini ndugu zetu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay wanamjua samaki. Samaki mbichi hukunjwa kwa mikono, taratibu. Ukimpiga kwa rungu, atapondeka. Kumkunja mtoto si kumpiga. Wala si kumwacha afanye apendavyo. Mtoto aliyekosea lazima atengeneze alichoharibu.

Basi tufanye nini watoto wawili wanapogombana?

1. Tuwatenganishe, tungoje watulie.

2. Tumsikilize kila mmoja. Mmoja akisema, mwenzake anyamaze.

3. Tuwasaidie kutaja yaliyo moyoni. Tuseme, "Umekasirika kwa sababu amechukua mpira wako." Mtoto anayeweza kusema uchungu wake hahitaji ngumi.

4. Aliyechukua arudishe. Kisha wapange zamu ya kucheza.

Mambo haya si mageni kwetu. Wamatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao. Hapo wazee walisuluhisha ugomvi na vijana walifundishwa. Mtoto alijifunza kungoja, kugawana chakula na kusikiliza. Leo katika nyumba nyingi kila mtu hula kwa saa yake. Tuirudishe sengu, hata kama ni ya baba, mama na watoto wao tu. Watoto wa kike na wa kiume wote waketi, na wote wapewe nafasi ya kusema.

Tukumbuke kwamba mtoto hujifunza zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Baba na mama wakitukanana mbele yake kwa sababu ya fedha za kahawa, wamekwisha kumpa somo. Lakini mzazi akimwambia mwenzake, "Nimekosa, nisamehe," hilo nalo ni somo. Mtoto halisahau.

Desemba 2021 Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Iliwahusu watoto mpaka umri wa miaka 8. Ni jambo jema. Darasa la awali nalo lina kazi yake. Lakini mwalimu hukaa na mtoto saa chache tu. Saa zilizobaki ni zetu.

Ndugu msomaji, mtoto wako mwenye miaka 4 leo, baada ya miaka 20 atakuwa mtu mzima. Huenda atalima shamba lako, na mtoto wa jirani atalima shamba la pili. Mpaka utakuwa ule ule. Je, watauzungumzia kwa maneno, au kwa panga? Jibu tunaliandaa sasa.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika nyumba yako, mtoto akikasirika hufanyiwa nini?

2. Ni siku zipi ambazo nyumba yako yote inaweza kula pamoja?