Setla ana faili, sisi tuna kipande



Muuguzi mwenzangu hapa Uingereza amemtafuta babu wa babu yake, setla wa Naivasha. Jioni mbili tu! Gazeti Rasmi la koloni lina jina lake na namba ya shamba. Sheria ya Ardhi ya 1915 iliwapa masetla hati za miaka 999.

Je, baba wa babu yangu, aliyewakamulia ng'ombe? Alivishwa kipande shingoni, basi. Na mafaili mengine ya Kenya Waingereza waliyafungia Hanslope Park, tukayasikia 2011, tena kwa sababu wazee wa Mau Mau walikwenda mahakamani!

Halafu tunaambiwa yaliyopita si ndwele. Katiba ya 2010 ilipunguza hati za wageni hadi miaka 99, vizuri. Lakini rejista za vipande ziko wapi? Wabunge wanaokuja huku kutuomba michango, tuwaulize hilo kabla ya kuwapikia pilau.