Wamaza: Kubadilisha moto ya zamani na kuongeza feza, nani anapoteza?

Kusini mwa jimbo la Maniema, kati ya Kasongo na Kabambare, motari mwenye pikipiki iliyochoka ana njia mbili. Anaweza kuitengeneza kila juma mpaka siku moteri itakapokataa kabisa. Ao anaweza kuipeleka kwa muuzaji, kuiacha pale, kuongeza feza na kurudi nyumbani na nyingine iliyokwisha kutumiwa, lakini yenye nguvu zaidi. Njia hii ya pili inavuta, kwa sababu inamaliza shida mbili kwa siku moja. Lakini ni biashara ambayo hesabu yake haionekani wazi, na hasara inajulikana mara nyingi wakati moto ya zamani imekwisha kuuzwa kwa mtu wa tatu.

Katika miji kama Nairobi, Dar es Salaam ao Kampala, biashara ya namna hii inajulikana zaidi kwa magari. Mtu anaingia kwa muuza magari na gari yake ya zamani, anatoka na nyingine ya mwendo wa kasi iliyotoka Japani, na tofauti ya bei analipa mkononi ao kidogo kidogo. Biashara hiyo ni kubwa duniani. Kadiri ya ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ya mwaka 2020, magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumiwa yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na sehemu kubwa yalifikia katika nchi zenye mapato madogo na ya katikati.

Lakini gari ya chini, hata iwe na moteri ya nguvu namna gani, haina kazi kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Mbuji-Mayi na kupita Kasongo kuelekea Bukavu. Wakati wa mvua, matope yanashinda hata malori. Kwa hiyo, huku Wamaza, gari ya kasi ya mkaaji ni moto: TVS, Boxer ya Bajaj, Haojue. Ndiyo inayobeba mgonjwa kwenda hospitali, mama na mchele wake kwenda sokoni, na mchimbaji dhahabu kwenda Salamabila. Kwa kijana asiye na shamba kubwa wala mshahara wa serikali, moto ndiyo kazi. Akikosea katika kuibadilisha, hapotezi chombo tu, anapoteza chakula cha nyumba.

Biashara mbili ndani ya moja

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalioni ni kwamba kubadilisha moto na kuongeza feza si biashara moja. Ni biashara mbili zilizofungwa katika mfuko mmoja. Motari ananunua moto ya muuzaji, na saa ile ile anamuuzia muuzaji moto yake. Kuna bei mbili. Lakini mazungumzo yanakuwa juu ya namba moja tu: "Utaongeza ngapi?"

Mfano unaweza kuonyesha mambo vizuri, hata kama namba zake si bei za soko. Muuzaji ana moto ambayo angekubali kuiachia kwa dola 900 kama mnunuzi analeta feza taslimu. Kwa yule anayekuja na moto ya zamani, anaanza kwa dola 1.000. Moto ya zamani ya motari ingeweza kuuzwa kwa motari mwingine kwa dola 450, lakini muuzaji anaikadiria dola 350. Motari anaambiwa aongeze dola 650. Anaomba apunguziwe, muuzaji anakubali 620, na motari anaondoka na furaha kwamba amejadili vizuri.

Kumbe tofauti ya kweli kati ya moto hizo mbili ilikuwa dola 450. Motari amelipa dola 170 zaidi, na hajui zilipotokea. Sehemu moja ilikuwa ndani ya bei ya moto anayochukua, na sehemu nyingine, iliyo kubwa zaidi, ndani ya bei ya moto anayoacha. Kwa sababu alijadili namba moja tu, hakuona kama mlango mwingine ulikuwa wazi.

Hiyo haimaanishi kwamba kila muuzaji ni mwizi. Yeye pia anabeba mzigo. Moto anayoipokea itabidi aitengeneze, anunue pyesi, aiweke mpaka mnunuzi apatikane, na feza yake inalala ndani ya chuma wakati huo wote. Inaweza pia kuwa na ugonjwa ambao motari amenyamaza juu yake. Ni haki apate faida. Shida ni kwamba faida hiyo haisemwi, na anayelipa hana namna ya kupima kama ni ya kadiri ao imepita kiasi.

Bei inatoka mbali

Kwa nini ni vigumu kujua bei ya kweli huku? Sehemu ya jibu iko barabarani. Katika karne ya 19, Kabambare na Kasongo zilikuwa vituo vya misafara iliyotoka ziwa Tanganyika kuelekea Nyangwe. Bidhaa zilifika kwa kubadilishana, na bei ilipanda kila kituo. Leo misafara imekwisha, lakini mambo hayajabadilika sana: vitu vya kiwandani vinafika kusini mwa Maniema kutoka mbali, kupitia Kivu ya Kusini ao Tanganyika, na kila anayevigusa njiani anaongeza kitu.

Bariere ni sehemu ya bei hiyo. Shirika la IPIS la Ubelgiji, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, lilihesabu bariere 798 katika majimbo mawili ya Kivu peke yake. Tena, tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili mwaka 2025, mji huo na Maniema havikai tena chini ya utawala mmoja, na mfanyabiashara anayetaka kuleta bidhaa kutoka kule lazima ahesabu hatari ya kuvuka mstari wa vita. Moto mpya ikipanda bei, ile iliyokwisha kutumiwa nayo inapanda nyuma yake. Pyesi pia.

Kuna jambo la pili: feza yenyewe. Bei ya moto inasemwa kwa dola, lakini abiria wa Wamaza analipa kwa franka za Congo. Motari anayekubali kulipa sehemu leo na sehemu nyingine baada ya miezi miwili anajifunga na deni la dola, wakati mapato yake ni ya franka. Franka ikishuka, deni linakua bila yeye kukopa tena hata kuta moja.

La tatu ni dhahabu. Katika eneo la Kabambare, mzunguko wa feza unafuata machimbo. Mgodi wa Namoya, huko Salamabila, ulikuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, iliyosimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya usalama mdogo. Pamoja na mgodi mkubwa kuna wachimbaji wadogo wengi. Dhahabu ikitoka, vijana wanataka moto na bei inapanda. Vita ikianza ao maji yakijaa mashimoni, moto zinarudi sokoni kwa bei ya chini. Muuzaji anayeweza kungoja anapata faida pande zote mbili. Motari anayehitaji kula leo hawezi kungoja.

Karatasi isiyohama

Hatari kubwa zaidi haiko katika bei. Iko katika karatasi. Moto inahama mkono hadi mkono, lakini karte roze inabaki na jina la mtu wa kwanza, ambaye pengine anaishi Bukavu, Uvira ao Kalemie, na hata hakumbuki tena moto hiyo. Baada ya kubadilishwa mara tatu ao nne, chombo kinakuwa na mwenye kukiendesha, lakini hakina mwenye kujulikana.

Moto ya namna hiyo ina bei ya chini wakati wa kuiuza, na bei ya juu kwenye kila bariere, kwa sababu anayeiendesha hana la kujibu akiulizwa. Na ikigunduliwa kwamba iliibiwa, sheria haimhurumii mnunuzi. Sheria ya Congo juu ya mapatano, ile ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 ambayo ingali inatumika, inasema kwamba kuuza kitu cha mtu mwingine ni bure: mapatano hayo hayana nguvu. Mnunuzi anaweza kudai feza yake kwa aliyemuuzia, lakini kwanza ampate.

Hapo kuna mtego mwingine. Motari wengi hawaendeshi moto zao wenyewe. Wanafanya kazi na moto ya tajiri, wanamletea feza ya kila juma, na wengine wamepatana kwamba baada ya muda fulani chombo kitakuwa chao. Motari akiibadilisha kabla ya kumaliza deni, ametoa kitu ambacho si chake. Muuzaji aliyeipokea bila kuuliza naye ameingia ndani ya kesi. Kijana mwenyewe anaweza kupoteza zote mbili: ile aliyoiacha na ile aliyoichukua.

Sheria hiyo hiyo ina sehemu yenye faida ambayo haijulikani sana. Muuzaji anajibu juu ya ubovu uliojificha, ule ambao mnunuzi hangeweza kuuona, na unaofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Hajibu juu ya ubovu unaoonekana wazi. Na anayelalamika anapaswa kufanya hivyo haraka, si baada ya mwaka. Katika kubadilishana, kanuni hizo zinawafunga wote wawili, kwa sababu kila mmoja ni muuzaji. Motari aliyeweka mafuta mazito ndani ya moteri ili moshi usionekane siku hiyo, naye anaweza kudaiwa.

Lakini bila karatasi yenye tarehe, namba na sahihi, haki hiyo inabaki maneno. Kesi juu ya moto moja inaweza kula feza kuliko moto yenyewe, na hilo muuzaji asiye mwaminifu analijua.

Macho kabla ya feza

Mambo mengi yanaweza kuonekana bila vyombo vya mekanisye. Namba ya shasi imepigwa kwenye chuma, karibu na shingo ya usukani, na namba ya moteri iko kwenye moteri yenyewe. Zote mbili zinapaswa kulingana na karte roze. Namba iliyokwaruzwa ao iliyopigwa upya ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Moteri inapaswa kuwashwa ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla mnunuzi hajafika pengine anaficha kitu, kwa maana moteri iliyochoka inawaka vizuri ikiwa moto na inasumbua ikiwa baridi. Moshi wa rangi ya bluu unaonyesha kwamba mafuta ya moteri yanaungua ndani, alama ya pete za pistoni zilizokwisha ao silinda iliyolika. Mafuta yanayovuja kwenye miguu ya mbele, meno ya shene yaliyochongoka, na alama za kulehemu kwenye shasi ni ushahidi wa moto iliyobeba mizigo kuliko nguvu zake. Kwenye barabara za huku, shasi iliyolehemiwa ndiyo inayovunjika siku mgonjwa yuko nyuma.

Kila ubovu unaoonekana una bei yake. Aliyeuona kabla ya kulipa anaweza kuutoa ndani ya hesabu. Aliyeuona kesho yake, ni wake.

Njia ya kupunguza hasara

Biashara hii haitakwisha, na hakuna sababu ya kutaka iishe. Mahali ambapo benki haimfikii motari, moto yake ya zamani ndiyo akiba yake, na kuibadilisha ndiyo mkopo anaoweza kuupata. Kinachohitajika ni kutenganisha mambo yaliyochanganywa.

Motari anayeuliza kwanza bei ya moto ya muuzaji kwa feza taslimu, bila kutaja ile anayoileta, anapata namba ya kwanza ikiwa safi. Akiuliza wenzake ao wauzaji wengine wawili wangelipa ngapi kwa moto yake, anapata ya pili. Tofauti ya namba hizo ndiyo ya kulipa, pamoja na faida ya kadiri kwa muuzaji, na faida hiyo isemwe kwa jina lake.

Mashirika ya motari nayo yana nafasi. Daftari moja, lenye namba za shasi na za moteri, majina ya waliobadilishana, tarehe, feza iliyoongezwa na sahihi za mashahidi wawili, haligharimu sana. Haliwezi kuchukua nafasi ya karte roze, lakini siku ya mashindano linaonyesha nani alipokea nini. Kwa upande wa serikali, ofisi ya kuhamisha karte roze ikiwa mbali na yenye gharama kubwa, wakaaji wataendelea kuikimbia, na polisi wataendelea kukutana na moto zisizo na mwenyewe. Hapo serikali yenyewe inapoteza ushuru, na mwizi anapata mahali pa kujificha.

Wakati hayo yakingojewa, motari wa Wamaza anayesimama mbele ya muuzaji ana silaha moja tu: kukataa kujibu swali la "utaongeza ngapi" kabla ya kujua bei mbili, na kabla ya kuona karatasi.