Tusiuchane Ushairi Vipande Vipande

Mwaka 1959 tajiri mmoja wa Marekani, Arthur Houghton, alinunua kitabu ambacho wajuzi wengi hukihesabu miongoni mwa vitabu vizuri kuliko vyote vilivyopata kuandikwa kwa mkono. Kilikuwa nakala ya Shahnameh, utenzi mkuu wa Waajemi ambao Firdausi aliukamilisha mwaka 1010, nao una beti zipatazo 50,000. Nakala hiyo ilitengenezwa katika karne ya 16 kwa ajili ya Shah Tahmasp, ikapambwa kwa picha 258. Houghton alikifungua kitabu hicho na kuzitawanya kurasa zake. Picha 78 alilipa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na nyingine zikauzwa moja moja. Mwaka 1994, miaka minne baada ya kifo chake, masalia ya kitabu yenye picha 118 yalirejea Iran kwa kubadilishana na mchoro mmoja wa Willem de Kooning.

Sikisimulii kisa hiki ili kumsuta marehemu. Nakisimulia kwa sababu nahofia kwamba sisi tunaofundisha ushairi tunatenda jambo lilo hilo kila siku darasani, wala hakuna anayetulaumu.

Hebu tutazame walivyofanya Waajemi wenyewe. Kwao ushairi haukuwa maandishi tu. Katika muziki wao wa jadi, mwimbaji huchagua ghazali ya Hafiz au ya Saadi, kisha akaiimba bila mapigo ya ngoma yaliyopangwa. Kinachoongoza sauti yake ni silabi ndefu na fupi za ubeti wenyewe. Asiyejua mizani ya shairi hawezi kuliimba sawasawa. Aidha, wanalo neno moja, radif, linalotumika pande zote mbili. Katika ushairi, ni neno linalorudiwa mwishoni mwa ubeti baada ya kina. Katika muziki, ni hazina ya mahadhi ambayo mwanafunzi huihifadhi moyoni kutoka kwa mwalimu wake. Hazina hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2009 kuwa urithi wa wanadamu. Na Rumi, aliyefariki mwaka 1273, aliufungua utenzi wake wa Masnavi kwa kilio cha nai, filimbi ya tete inayoombolezea kukatwa kwake kutoka penye matete wenzake.

Mchoraji naye hakuwa nje ya mambo hayo. Mwaka 1488, katika mji wa Herat, Behzad alichora picha ya Yusufu akimkimbia Zulaikha, kwa ajili ya nakala ya Bustan ya Saadi ambayo sasa imehifadhiwa Cairo. Saadi hakueleza sana habari za jumba ambamo mambo hayo yalitukia. Jami, aliyekuwa akiishi Herat wakati huo huo, ndiye aliyesimulia katika utenzi wake juu ya vyumba saba vinavyofuatana. Behzad akachora milango iliyofungwa, ngazi na kuta, kisha mistari ya mashairi ikaandikwa humo humo ndani ya picha. Anayeitazama picha hiyo bila kujua ushairi huona jumba zuri tu. Anayeujua huona mtu aliyezingirwa, naye hutambua kwa nini kila mlango umefungwa.

Wala haya hayakuwa ya wafalme peke yao. Wasimulizi wa Iran walitundika kitambaa kikubwa kilichochorwa mashujaa wa Firdausi, wakaelekeza fimbo penye picha huku wakikariri beti kwa sauti. Na hata leo, katika majumba ya mazoezi ya viungo ya jadi yaitwayo zurkhaneh, kiongozi hupiga ngoma na kuimba mashairi huku wanaume wakiinua magogo mazito.

Wapo watakaosema kwamba Houghton alitenda wema, kwa kuwa watu wengi wameziona picha zile ambazo zamani zilifichwa katika hazina za wafalme. Sikatai. Lakini anayesimama mbele ya ukurasa mmoja uliotiwa kiooni hawezi kuufunua ukurasa unaofuata. Amepata picha, amekosa kisa.

Hivyo ndivyo anavyokosa mwanafunzi wetu. Mimi mwenyewe nilifundisha ushairi kwa miaka mingi bila kuimba hata ubeti mmoja. Tulihesabu mizani kwa vidole, tukapigia mstari vina vya kati na vya mwisho, tukaorodhesha tamathali za usemi, kisha tukafunga kitabu. Wanafunzi walipasi, lakini sikumbuki hata mmoja aliyeondoka na shairi moyoni. Ilhali washairi wa Lamu na Mombasa walitunga tenzi zao ziimbwe kwa mahadhi, na msikilizaji alizijua bahari kwa sikio kabla ya kuzijua kwa jina. Neno hilo bahari tulilipata kwa Waarabu, na Waajemi nao walilichukua kwao wakiitia maana ya mizani ya mashairi. Hata neno diwani, tunaloandika kwenye majalada ya vitabu vyetu, asili yake ni Kiajemi.

Najua mwalimu mwenzangu atanijibu kwamba mtihani hauulizi mahadhi, na kwamba vipindi havitoshi. Hoja hiyo ina uzito, walakini haitoshi kutunyamazisha. Kuimba beti nne hakumalizi dakika tano. Mwanafunzi aliyeimba huusikia mshororo uliopungua mizani kabla hajahesabu, hivyo mtihani wenyewe humwia mwepesi. Na akiambiwa achore kile alichokiona katika ubeti, mwalimu atagundua papo hapo kama ameuelewa au amekariri tu.

Ninachoomba, basi, ni kidogo. Shairi lisikike kwanza, lionekane, ndipo lichambuliwe. Kurasa za Shah Tahmasp zimekwisha tawanyika, na yamkini hazitakutanishwa tena. Mashairi yetu bado yamo kitabuni, na wazee wanaojua mahadhi yake wangalipo. Tuwaendee mapema, kwani majuto ni mjukuu.